Mwanzo Mmoja, Koo Mbalimbali: Hotuba Kuhusu Maneno ya Kiingereza Yanayoanza kwa Kufanana

Siku ya taaluma ya shule yetu iliangukia siku ya mvua kubwa, na wazazi wengi wa ng'ambo ya mto hawakuweza kufika. Kwa ajili yao naiweka hapa hotuba niliyoitoa, kama nilivyoitoa, ila michoro ya ubaoni nimeiacha.

Ndugu Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, Mkuu wa Shule, walimu wenzangu, wazazi na walezi, na ninyi wanangu wa kidato cha kwanza: itifaki imezingatiwa. Wakubwa shikamooni. Watoto, hamjambo?

Walimu wa lugha wameniomba nizungumzie maneno ya Kiingereza yanayoanza kwa kufanana. Wananiambia kwamba mwanafunzi aliyemaliza darasa la saba kwa Kiswahili, na ambaye sasa anafundishwa bailojia, jiografia na historia kwa Kiingereza, hupewa orodha ya viambishi awali akaikariri vizuri kabisa, kisha akiingia kwenye mtihani orodha ile ile ndiyo inayomwangusha. Inawezekanaje? Inawezekana kwa sababu orodha humwambia kwamba mwanzo fulani una maana fulani, nayo haimwambii kwamba mianzo miwili inayoandikwa sawasawa inaweza kuwa ya koo mbili zisizojuana. Mtu akikuambia anaitwa Juma, hujamjua bado. Utamwuliza, Juma wa nani? Hilo ndilo swali ninalotaka mlizoee leo: 'in' wa nani, 'bi' wa nani, 'un' wa nani?

Lakini kabla hatujaenda kwenye Kiingereza, nawauliza wanafunzi: ni nani kati yenu asiyejua kuishi na mianzo ya maneno? Mtu, watu, kitu, vitu, utu. Shina ni moja, nalo ni '-tu'. Mwanzo ukibadilika, maana inahama kutoka kwa binadamu kwenda kwa chombo, na kutoka kwa chombo kwenda kwenye tabia. Mtoto wa miaka minne anafanya kazi hiyo bila kufundishwa. Kwa hiyo mtu asiwaambie kwamba viambishi ni elimu ngeni. Ninyi mmezaliwa ndani yake.

Na si hivyo tu. Mnasema 'mrefu' kwa mtu, lakini kwa njia mnasema 'ndefu'. Mnasema ulimi mmoja, ndimi mbili. Hiyo 'mbili' yenyewe ni '-wili' ile ile ya 'wawili' na 'viwili', ila imekutana na king'ong'o cha mwanzoni, na mdomo ukajitengenezea njia nyepesi ya kupita. Sasa tazameni Kiingereza. Mwanzo wa kukanusha 'in' ukikutana na 'p' unakuwa 'im', ndipo tunapata 'impossible', jambo lisilowezekana. Ukikutana na 'l' unakuwa 'il', tukapata 'illegal', kinyume cha sheria. Ukikutana na 'r' unakuwa 'ir', tukapata 'irregular', kisichofuata kanuni. Orodha zenu zinaviandika kama viambishi vinne vya kukariri. Ni kimoja! Ni kimoja kilichobadilika kwa kumfuata jirani yake, na Walatini walikuwa wamekwisha kukibadilisha hivyo kabla Waingereza hawajakipokea.

Vilevile, wanangu, mnajua kutoka ndani ya lugha yenu jinsi mwanzo unavyoweza kudanganya sikio. Neno 'kitabu' limetoka kwenye Kiarabu, na 'k' yake ni sehemu ya mzizi, ule ule uliotupa 'katibu' na 'maktaba'. Lakini babu zetu walisikia 'ki', wakaona hiki ni cha ukoo wa kiti na kisu, wakasema vitabu, na hakuna aliyewapinga. Dereva naye akafika kwenye mzunguko wa barabara, akasoma kibao cha Kiingereza kinachomwamuru apite kushoto, 'keep left', akapaita mahali pale kipilefti. Viwili? Vipilefti. Mnacheka, lakini mwanafunzi anayeona 'uncle' akadhani 'un' yake inakanusha kitu anafanya jambo lile lile. 'Uncle' ni mjomba au baba mdogo, neno lililopitia Kifaransa kutoka Kilatini, na ndani yake hakuna kinachokanushwa. Ukiondoa 'un' kinabaki 'cle', ambacho si kitu. Na 'uniform', hiyo sare mliyovaa, haina 'un' ya kukanusha. Ina 'uni', ambayo ni moja kwa Kilatini, yaani umbo moja kwa wote.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nitalikalia kwa muda mrefu kuliko mengine, kwa sababu limewahi kuwa suala la uhai. Ni 'in'.

Kiingereza kimepokea 'in' mbili. Moja ni ya kukanusha, hiyo tuliyoiona sasa hivi. Nyingine ni ya kuingia ndani au kutia ndani. 'Import' ni kuingiza bidhaa nchini, si kukanusha bandari. 'Immigration' ni uhamiaji wa kuingia, na 'im' yake imebadilika kwa kanuni ile ile ya 'impossible' ingawa ukoo ni mwingine. Mnaona hatari ilipo? Sura moja, mabadiliko yale yale, maana mbili.

Mmewahi kusoma maandishi yaliyo nyuma ya malori ya mafuta? Mengine yameandikwa 'inflammable'. Mwenye orodha ya viambishi atasoma nini? Atasema: 'in' inakanusha, 'flame' ni mwali wa moto, basi mzigo huu haushiki moto, na atasogea karibu na sigara yake. Kumbe neno hilo limetoka kwenye kitenzi cha Kilatini 'inflammare', yaani kutia moto, kuwasha. 'In' yake ni ya kuingia. Mzigo ule unawaka, na unawaka upesi.

Msidhani kosa hilo ni la wageni wa lugha peke yao. Wenye lugha yao walilifanya, na lilitisha kiasi kwamba katika miaka ya 1920 chama cha Marekani kinachoshughulikia kinga ya moto, National Fire Protection Association, kilihimiza watu waache kuandika 'inflammable' kama onyo, badala yake waandike 'flammable', neno ambalo lilikuwapo tangu mwanzoni mwa karne ya 19 lakini halikuwa na watumiaji wengi. Ndiyo maana hadi leo mtakutana na maneno mawili, moja lenye 'in' na jingine lisilo nayo, yote mawili yakimaanisha kitu kinachoshika moto kwa urahisi. Na kisichoshika moto huandikwa 'non-flammable'. Mimi nawapongeza watu wale wa zimamoto. Wasomi wangeweza kuandaa semina za Kilatini kwa madereva na makuli wote wa Marekani. Wao walibadilisha kibao.

'In' ya kukanusha nayo, hata ukiitambua ukoo wake, ina visa vyake. Miaka mingi iliyopita kijana mmoja wa mtaani kwetu aliacha kazi ya ukarani akiwa na barua ya sifa kutoka kwa mwajiri wake. Barua ilisema kwamba mchango wake ulikuwa 'invaluable'. Kijana akaja kwangu amenuna, barua ameikunja mara nne, akisema ameandikwa kuwa hana thamani. Nikamwomba anieleze amefikaje huko. Akasema, mwalimu, si ulitufundisha wewe mwenyewe kwamba 'in' inakanusha? Kweli inakanusha. Lakini inakanusha nini? Inakanusha uwezekano wa kupima: thamani yake haikadiriki, haina bei. Alikuwa amepewa sifa kubwa kuliko 'valuable' ya kawaida. Kwa upande mwingine kuna 'infamous'. 'Famous' ni maarufu, na mtu angetegemea 'infamous' awe mtu asiyejulikana. La hasha. Huyo anajulikana sana, kwa ubaya wake. Kwa hiyo kujua ukoo wa mwanzo ni nusu ya kazi, na nusu nyingine ni kuuliza mwanzo huo umeng'ang'ania sehemu gani ya maana ya shina.

Na 'un' je? Nitasema machache. Nazo ni mbili, zote za Kiingereza cha kale. 'Unhappy' ni asiye na furaha. Hapo ni kukanusha. 'Unlock' siyo kutofunga, ni kufungua kilichokwisha kufungwa. Sisi kazi hiyo ya kutengua tunaifanya mwishoni mwa kitenzi: funga, fungua; kunja, kunjua; ziba, zibua; tega, tegua. Mwingereza anaiweka mwanzoni. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kiswahili, ambaye sikio lake limezoea kungojea mkia wa kitenzi ili ajue kama mlango umefungwa au umefunguliwa, anapaswa kujizoeza kusikiliza kichwa. Ukitaka kumsumbua mwalimu wako, mwulize maana ya 'unlockable'. Ni mlango unaoweza kufunguliwa, au ni mlango usioweza kufungwa? Yote mawili ni sahihi, na sentensi peke yake ndiyo itakayoamua.

Ndugu zangu, kundi la pili ni mianzo ambayo haiandikwi sawasawa, ila imekaribiana mno. Hapa herufi moja inabeba mzigo mzito.

Nianze na kliniki. Bwana mmoja alimsindikiza mkewe mjamzito, akafika mlangoni akasoma kibao kilichoandikwa 'Antenatal Clinic', akamshika mkewe mkono wakageuka. Alipoulizwa, alijibu kwamba hapo ni mahali pa kuzuia uzazi, na wao wamekuja kwa ajili ya mtoto. Alikuwa anaijua 'anti', kwa sababu alikuwa na simu yenye programu ya kuzuia virusi, na alijua kwamba 'anti' ni kupinga. Na kweli, 'anti' ni ya Kigiriki, maana yake dhidi ya. Ndiyo iliyo kwenye herufi ya kwanza ya dawa za ARV, dawa zinazopambana na virusi. Lakini kibao kilikuwa na 'e'. 'Ante' ni ya Kilatini, maana yake kabla. 'Natal' ni ya kuzaliwa. Kliniki ya kabla ya kujifungua! Mmekuwa mkiiona 'ante' hiyo kila siku kwenye saa zenu bila kuitambua: herufi 'a.m.' ni 'ante meridiem', kabla ya adhuhuri.

Je, tukariri basi kwamba 'e' ni kabla na 'i' ni kupinga, tumalize? Ingekuwa vizuri. Lakini 'anticipate', kutarajia jambo kabla halijafika, imeandikwa kwa 'i' ilhali ukoo wake ni wa 'ante'. Walatini wenyewe walikwisha kuibadilisha. Na 'antelope', swala, haimo katika ukoo wowote kati ya hiyo miwili. Swala hapingi chochote wala hakutangulia chochote, isipokuwa labda simba anayemkimbiza.

Hospitalini tena, na hapa naomba wazazi wanisikilize hata kama wanafunzi wamechoka. Kuna 'hyper' na kuna 'hypo', zote za Kigiriki. 'Hyper' ni juu ya kiwango, 'hypo' ni chini ya kiwango. 'Hypertension' ni shinikizo la damu la kupanda, 'hypotension' ni la kushuka. Jirani yangu, mama mtu mzima mwenye kisukari, alirudi kutoka kutibiwa na karatasi iliyoandikwa kwa mkono. Mjukuu wake, msichana wa kidato cha tatu, aliisoma chini ya taa: herufi nne za mwanzo, 'h', 'y', 'p', na kitu ambacho kingeweza kuwa 'e' au 'o', kisha mstari uliolala hadi mwisho wa neno, kama mwandiko wa madaktari ulivyo. Bibi anatetemeka na jasho linamtoka. Apewe chai ya sukari, au anyimwe? Kwa neno moja jibu ni ndiyo upesi, kwa neno jingine jibu ni hapana. Msichana yule alifanya jambo la busara: hakubahatisha, alipiga simu, akaambiwa ni 'hypoglycaemia', sukari imeshuka. Wataalamu huihesabu kuwa imeshuka ikiwa chini ya milimoli 3.9 kwa lita, na mgonjwa aliye macho anayeweza kumeza hupewa kitu chenye sukari mara moja.

Kwa bahati njema, katika jambo hili Kiswahili kimetupa zawadi. 'Hypo' hutamkwa 'haipo'. Sukari haipo! Mwanafunzi akisahau kila kitu nilichosema leo, hilo hatalisahau. Nitaongeza tahadhari moja tu, kwamba sukari haijaisha kabisa, imepungua; lakini kwa mtu anayetetemeka mbele yako saa nne za usiku, ukumbusho huo unatosha.

Kutoka hospitalini twende mahakamani. Katika insha za wanafunzi nimesoma mara nyingi kwamba polisi au waendesha mashtaka 'persecuted' mwizi. Mwanafunzi alitaka kusema walimshtaki, yaani 'prosecuted'. Alichoandika ni kwamba walimtesa, walimwandama kwa uonevu. Maneno haya mawili yana shina moja la Kilatini, kufuata. 'Pro' ni kwenda mbele: kuifuata kesi hatua kwa hatua hadi hukumu. 'Per' ni kupita hadi mwisho: kumfuata mtu bila kumwachia. Kosa la silabi moja, na taifa zima la waendesha mashtaka limegeuzwa kuwa watesaji.

Pacha wao ni 'prescribe' na 'proscribe', na hapa kuna historia ambayo siwezi kuiruka. Shina lake ni kuandika. 'Pre' ni kabla: daktari huandika kwanza, ndipo upewe dawa. 'Pro' hapa ni mbele za watu, hadharani. Mwaka 82 kabla ya Kristo, jemadari Sulla aliposhika mamlaka jijini Roma, aliamuru majina ya maadui zake yaandikwe na kubandikwa hadharani. Aliyeonekana kwenye orodha ile hakuwa na kinga tena: yeyote angeweza kumwua na kupewa zawadi, na mali yake ilitaifishwa na kuuzwa. Watu walikuwa wakienda kusoma ukutani kama majina yao yamo. Kutoka kwenye ukuta ule Kiingereza kimepata 'proscribe', kupiga marufuku. Leo ukisoma katika sheria kwamba chama fulani ni 'proscribed', kimepigwa marufuku. Ukisoma kwamba dawa fulani ni 'prescribed', umeandikiwa uitumie. Mwanafunzi wa sheria anayevichanganya viwili hivi atamshauri mteja wake afanye hasa kile alichokatazwa.

Nikiwa bado mahakamani, niseme kwa ufupi kuhusu 'disinterested'. Tunataka jaji aliye 'disinterested', yaani asiye na maslahi yake katika kesi. Hatutaki jaji aliye 'uninterested', ambaye kesi haimvutii na anasinzia. Waingereza wenyewe siku hizi wanayachanganya, na mimi nimeshaacha kugombana nao. Lakini mtahini bado anagombana, kwa hiyo ninyi yatenganisheni.

Imebaki 'bi', na muda wangu unakwisha. Kuna 'bi' ya Kilatini, yenye maana ya mbili au mara mbili, na mmeipanda na kuila. Baisikeli ni duara mbili. Biskuti imetoka kwenye maneno yanayomaanisha kilichopikwa mara mbili. Lakini 'biology' haina mbili ndani yake, maana hiyo ni 'bio' ya Kigiriki, uhai, na ndiyo iliyo pia katika 'antibiotic' mnayopewa dukani na hampaswi kuikatisha njiani. 'Billion' nayo ilikuwa na mbili yake: Mwingereza wa zamani alimaanisha milioni mara milioni. Marekani ilihesabu milioni mara 1,000, na mwaka 1974 serikali ya Uingereza ikakubali kuifuata Marekani katika takwimu zake rasmi. Kwa hiyo mwenye kusoma kitabu cha Uingereza cha kabla ya mwaka huo akikutana na bilioni, aangalie sana, kwani huenda ikawa kubwa mara 1,000 kuliko anavyodhani.

Na mwisho kuna 'biweekly'. Je, ni mara mbili kwa wiki, au ni kila baada ya wiki mbili? Nani ananyoosha mkono kwa jibu la kwanza? Na la pili? Mmegawanyika karibu nusu kwa nusu, na kamusi zimegawanyika kama ninyi: zinaziandika maana zote mbili. Hapa hakuna ukoo wa kuutafuta, kwa sababu ukoo ni mmoja na ugomvi uko ndani ya nyumba. Mkuu wa Shule, nilipokuwa naingia nimeona kwenye ubao wa matangazo kwamba kidato cha nne watafanya majaribio ya hisabati 'biweekly' hadi mtihani wa taifa. Naomba kwa heshima liandikwe upya kabla ya Jumatatu, kwa maneno kamili, kwa sababu nimezungumza na wazazi wawili pale mlangoni, mmoja ameshapanga nauli ya mtoto ya mara mbili kwa wiki, na mwingine ya mara mbili kwa mwezi.

Maswali nayapokea sasa. Tuanze na wanafunzi, safu ya nyuma kwanza.